Mikrofoni Mbili Zatosha Kurekodi Dramu



Katika vijiji vingi leo kuna kwaya, bendi za vijana na vikundi vya utamaduni. Baadhi ya vikundi hivi vina dramu, yaani zile ngoma nyingi zinazopigwa na mtu mmoja aliyekaa kitini. Vikundi hutunga nyimbo zao wenyewe kuhusu kilimo, afya, ndoa na malezi. Baada ya muda hutamani nyimbo hizo zirekodiwe, ili zisikike redioni na zibaki kwa watoto wao.

Hapo ndipo shida huanza. Kikundi huambiwa kwamba dramu peke yake zinahitaji mikrofoni nane au kumi. Fedha za kukodi vyombo hivyo hazipo. Wengine hukata tamaa. Wengine huchangishana, huuza hata mbuzi, na hulipia siku moja tu ya kurekodi. Wakirudi nyumbani na kusikiliza, wanakuta ngoma kubwa haisikiki, matoazi yanapiga kelele, na waimbaji wamefunikwa. Siku imepita na fedha zimekwisha.

Somo hili linaeleza jinsi ya kurekodi dramu kwa mikrofoni mbili tu. Jambo hili si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, bendi ya The Beatles ilirekodi nyimbo zake katika studio iliyopo barabara ya Abbey Road, London. Dramu za Ringo Starr ziliwekewa mikrofoni mbili: moja juu na moja mbele ya ngoma kubwa. Nyimbo hizo zilienea dunia nzima. Kwa hiyo uchache wa vyombo si sababu ya kushindwa. Sababu kubwa ya kushindwa ni kutojua mahali pa kuviweka.

Zijue sehemu za dramu

Kabla ya kurekodi, ni lazima ujue kila sehemu inatoa sauti gani.

Ngoma kubwa hulazwa ubavu chini. Mpigaji huipiga kwa mguu wa kulia, akikanyaga pedali. Sauti yake ni nzito na ya chini.

Snea ni ngoma fupi iliyo kati ya magoti ya mpigaji. Chini yake kuna nyaya nyembamba. Nyaya hizo ndizo zinazoifanya ilie kwa ukali.

Tomu ni ngoma za kati. Mara nyingi huwa mbili au tatu. Iliyo kubwa zaidi husimama chini upande wa kulia.

Matoazi ni sahani za shaba. Mawili hufumbwa na kufumbuliwa kwa mguu wa kushoto. Mengine huning'inia juu. Sauti ya matoazi ni nyembamba, lakini ina nguvu sana na huingia kwenye kila mikrofoni.

Hatua ya kwanza: tengeneza ngoma

Mikrofoni haiwezi kuponya ngoma mbovu. Ikipewa sauti mbaya, itarekodi sauti mbaya.

Kaza skrubu zote za kila ngoma kwa usawa. Gonga ngozi karibu na kila skrubu. Sauti iwe moja pande zote. Ikiwa upande mmoja ni mlegevu, ngoma itatoa sauti iliyopinda. Tia mafuta pedali inayolia. Kaza kila chuma kinachocheza. Kama ngoma kubwa inavuma mno, weka ndani yake mto au blanketi kuukuu liguse ngozi kidogo. Usiijaze ngoma nguo mpaka ikafa sauti.

Hatua ya pili: tengeneza chumba

Sauti haiendi kwenye mikrofoni tu. Inapiga pia ukuta, sakafu na bati, kisha inarudi. Katika chumba cha saruji kilicho kitupu, sauti inayorudi ni nyingi. Kila pigo linavutwa na kuwa refu, na mapigo yanachanganyikana.

Tandika mkeka au zulia chini ya dramu. Tundika mablanketi, vitenge au magodoro kwenye kuta mbili zinazotazamana. Usiweke dramu katikati kabisa ya chumba wala kwenye pembe. Zima feni. Peleka jenereta mbali. Chagua saa ambayo watoto wa shule hawapiti na kuku wametulia. Kama paa ni la bati, tazama mawingu kabla ya kuanza.

Waweza pia kurekodi nje, chini ya mti. Huko sauti hairudi, lakini upepo hunguruma ndani ya mikrofoni. Ifunike kwa sponji au soksi nyepesi iliyo safi.

Hatua ya tatu: weka mikrofoni

Zipo njia mbili nzuri. Jaribu zote kabla ya siku ya kurekodi.

Njia ya kwanza ni ya juu na mbele. Weka mikrofoni moja juu ya dramu, kiasi cha mita moja kutoka kwenye snea, ikitazama chini. Hiyo itachukua snea, tomu na matoazi. Weka ya pili mbele ya ngoma kubwa, kiasi cha shibiri moja na nusu kutoka kwenye ngozi. Njia hii yafaa kwa muziki wa dansi, ambao unataka ngoma kubwa isikike imara.

Njia ya pili ni ya kamba. Yafaa ukitaka msikilizaji ahisi amekaa karibu na mpigaji, akisikia tomu upande mmoja na matoazi upande mwingine. Tumia mikrofoni mbili za aina moja. Fanya hivi:

1. Weka mikrofoni ya kwanza juu ya snea, umbali wa vijiti viwili vya dramu, yaani kama sentimita 80. Itazame snea.

2. Chukua kamba isiyonyumbuka. Mtu mmoja ashike ncha moja katikati ya snea. Mwingine ashike ncha ya pili pale pedali inapogusa ngoma kubwa.

3. Vuta kamba mpaka ifike kwenye mikrofoni ya kwanza, ikaze pande zote mbili. Tia alama kwenye kamba, pale inapogusa mikrofoni.

4. Bila kuachia ncha zile mbili, peleka alama ile upande wa kulia, juu ya bega la kulia la mpigaji. Kamba ikaze tena pande zote mbili. Pale ilipo alama, weka mikrofoni ya pili. Nayo itazame snea.

Sasa mikrofoni zote mbili ziko umbali sawa kutoka kwenye snea. Tena ziko umbali sawa kutoka kwenye ngoma kubwa. Umefanya kazi ya kitaalamu kwa kamba ya senti chache.

Kwa nini tunapima kwa kamba?

Yawezekana unajiuliza, "Kwa nini nisikadirie kwa macho?" Hebu tufikiri.

Ukimtazama mtu anayepasua kuni ng'ambo ya bonde, unaona shoka likishuka kwanza. Mlio unakuja baadaye. Sababu ni kwamba sauti inachukua muda kusafiri. Katika hewa ya joto la kawaida, sauti inakwenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde moja. Kwa hiyo mikrofoni iliyo mbali inapata pigo lile lile ikiwa imechelewa.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Hewa inasukumwa mbele, kisha inavutwa nyuma, mara nyingi kwa sekunde. Sasa fikiri juu ya watu wawili wanaokwamua mkokoteni uliozama katika matope. Wakisukuma pamoja, mkokoteni unatoka. Mmoja akisukuma mbele na mwenziwe akivuta nyuma kwa nguvu sawa, mkokoteni haujongei hata kidogo, ingawa wote wawili wanatoka jasho.

Mikrofoni mbili hufanya vivyo hivyo. Tuchukue sauti nzito yenye mitetemo 100 kwa sekunde. Gawa 340 kwa 100. Utapata mita 3.4. Huo ndio urefu wa wimbi moja. Nusu yake ni mita 1.7. Ikiwa mikrofoni moja iko mbali na ngoma kuliko nyingine kwa mita 1.7, basi moja inapata msukumo wakati nyingine inapata mvuto. Ukiziunganisha, sauti ile hupungua sana. Ikiwa nguvu zao ni sawa, yaweza kupotea kabisa. Ngoma imepigwa kwa nguvu, mikrofoni zote mbili zimeisikia, lakini msikilizaji anapata sauti kavu isiyo na kifua.

Hii ndiyo sababu bendi nyingine hurekodi kwa mikrofoni nyingi na bado ngoma haisikiki. Kila mikrofoni inayoongezwa ni mtu mwingine kwenye mkokoteni. Ni lazima wote wasukume upande mmoja.

Katika njia ya kwanza, umbali hauwezi kuwa sawa. Hapo tumia masikio. Panda au shusha mikrofoni ya juu shibiri moja moja, ukirekodi kidogo kila mara. Simama pale ngoma kubwa inaposikika nene zaidi.

Hatua ya nne: pima nguvu ya sauti

Ingiza kila mikrofoni katika njia yake kwenye kinasa sauti. Usiziunganishe mapema, ili baadaye uweze kuongeza moja na kupunguza nyingine.

Mwambie mpigaji apige kama atakavyopiga katika wimbo, tena pale penye nguvu kuliko pote. Wapigaji wengi hupiga polepole wakati wa kujaribu. Wimbo ukianza, hupiga mara mbili ya hapo. Tazama taa au mshale wa kinasa sauti. Ukifika kwenye nyekundu, sauti inakwaruza, na mkwaruzo huo hautoki tena. Punguza mpaka pigo kali kuliko yote libaki chini ya nyekundu. Acha nafasi kidogo. Sauti ndogo yaweza kukuzwa baadaye. Sauti iliyopasuka haishoneki.

Hatua ya tano: sikiliza kabla ya kuendelea

Rekodi dakika moja, kisha sikiliza. Kwanza sikiliza kwa hedifoni. Halafu sikiliza kwa redio ndogo au simu yenye spika moja, kwa sababu wasikilizaji wengi watakusikia kwa vyombo hivyo. Katika spika moja, mikrofoni zako mbili zinaunganishwa. Kama ngoma kubwa au snea inakonda hapo, rudi kwenye kamba na upime tena.

Baada ya hapo zungumza na mpigaji. Ukiwa na mikrofoni mbili huwezi kumpunguza toazi peke yake baadaye. Mizani ya sauti imo mikononi na miguuni mwake. Mwambie kwa heshima: "Kaka, matoazi yapige taratibu kidogo, na mguu uongeze nguvu." Mpigaji anayejisikiliza ana faida kuliko mikrofoni sita.

Na ngoma zetu za asili?

Kanuni hizi hazikuandikwa kwa dramu za kisasa tu. Kikundi cha ngoma za asili chaweza kuzitumia pia. Tafuta ngoma kuu, ile inayoongoza nyingine. Weka mikrofoni mbili umbali sawa kutoka kwenye ngoma hiyo, moja kushoto na moja kulia, kwa kamba ile ile. Kisha wapange wapigaji wengine. Ngoma yenye sauti kubwa irudi nyuma. Ngoma ndogo, kayamba na njuga zisogee mbele. Hapa watu ndio wanaohamishwa, mikrofoni zinatulia.

Kazi hii isicheleweshwe. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi ngoma na nyimbo za makabila mbalimbali. Kanda zake zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954. Katika miaka ya 1970 na 1980, Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kama Vijana Jazz na Mlimani Park. Wengi wa wapigaji hao wamekwisha kufariki, lakini vijana wa leo wanasikia mikono yao ikipiga. Mpigaji hodari wa kijiji chako, ambaye hakurekodiwa, akifa ataondoka na midundo yake yote.

Kwa hiyo, kila unaporekodi, taja kwanza kwa sauti majina ya wapigaji, jina la ngoma, kijiji na tarehe. Weka nakala mbili mahali pawili tofauti. Na kabla ya kumpa mtu yeyote nakala, wapigaji wenyewe wakubali. Kazi ni yao.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini ngoma iliyo legevu haiwezi kutengenezwa na mikrofoni nzuri?

2. Katika kijiji chenu, ni chumba kipi kinafaa kurekodia? Mtatundika nini ukutani?

3. Sauti ina mitetemo 170 kwa sekunde. Wimbi lake lina urefu wa mita ngapi? Nusu yake ni ngapi?

4. Eleza kwa maneno yako jinsi mikrofoni mbili zinavyoweza kuuana sauti.

5. Andikeni majina ya wapigaji wazee wa ngoma katika kijiji chenu. Ni nani anafaa kurekodiwa kwanza, na lini?