Udongo na Majina Yake: Ngitili Kama Darasa la Kisukuma

Msomaji akishuka kutoka kwenye majabali ya vilima vya Shinyanga hadi bondeni, atakanyaga udongo wa namna nne katika mwendo mfupi. Penye majabali ni isanga, udongo wa changarawe. Chini yake ni luseni, mchanga ufaao kwa mihogo na karanga. Hufuata itogolo, ardhi ngumu isiyopitisha maji upesi, na kwa sababu hiyo hasa hufaa kwa majaruba ya mpunga. Mwisho ni mbuga, udongo mweusi upasukao wakati wa kiangazi. Mpangilio wa namna hii, udongo kubadilika kufuata mteremko, ndio Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani aliouita katena mwaka 1935. Wasukuma hawakumngoja ili waupe majina.

Majina hayo ni shida kuyafundisha ubaoni. Mtoto aliyajua kwa jembe na kwa kuchunga, na shule yake kubwa ilikuwa ngitili, yaani malisho yafungwayo mvua zianzapo na kufunguliwa kiangazi kikiwa kikali. Humo alijifunza nyasi, miti ya dawa na mipaka ya jirani. Mvunja mpaka aliitwa mbele ya dagashida, baraza la wanakijiji. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwatenga watu na ngitili zao, na nyingi zikafa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, zilikuwapo hekta 600 hivi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Kwa maoni yangu, neno lenyewe lilifanya nusu ya kazi, maana kila mzee alilielewa.

Geita mambo ni mengine. Machimboni watu wa makabila mengi husikilizana kwa Kiswahili, na ni vema. Lakini mtoto akuaye kando ya duara na karasha aweza kujua bei ya dhahabu kabla ya kujua itogolo, na ardhi iliyokwisha kupinduliwa haina tena mteremko wa kumwonyesha.

Sera ya Utamaduni ya 1997 inazihesabu lugha za jamii kuwa hazina. Basi wanafunzi na wapelekwe ngitilini pamoja na mchungaji mzee, waandike kila udongo kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, kisha waupime. Makopo yaliyotobolewa chini, maji na saa ya mwalimu vyatosha: luseni itapitisha maji kwanza, na itogolo itawachelewesha chakula cha mchana.