504 inakunywa mayi? Tafuta njia yake mbele ya kufungua motere

Bandugu wafanyakazi, na ninyi wamama ambao mara mingi njo munashika mufuko wa feza ya nyumba,

Katika sité zetu Peugeot 504 ingali inatembea. Ilitoka Ufaransa mwaka wa 1968, na kule Kenya ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978. Ni motokari ngumu. Wengine waliinunua na feza ya mwisho wa kazi, wanaifanya taxi, na batoto wanasoma kwa sababu yake.

Kisha siku moja mayi ya radiateri inaanza kupunguka. Fundi anaangalia dakika mbili, anasema: "Ni juwe ya kulasi." Motere inafunguliwa, mushahara wa mwezi unakwenda. Nyuma ya juma moja, mayi inapunguka tena. Sababu? Hakuna mutu aliyetafuta fasi mayi inapita.

Katika sendika tunajua: hausaini karatasi haujasoma. Kwa motere ni vile vile.

Anza na motere ya baridi. Usifungue hata siku moja bushoni ya radiateri wakati motere iko moto. Mayi inaruka na kuunguza uso. Ngoja ipoe kabisa, na batoto wakae mbali. Jaza mayi mpaka fasi yake, andika kilometa. Ukijaza tena, andika ulitia litre ngapi. Hiyo karatasi itakusaidia kuliko maneno mingi.

Usiku, tandika kartoni kavu chini ya motere. Asubuhi, tone likiwa mbele kabisa, angalia radiateri na duriti, zaidi fasi koliye inafunga. Likiwa chini ya pompu ya mayi, tafuta katundu kadogo chini ya pompu: mayi ikitoka pale, pompu imechoka. Kwenye ubavu wa bloku kuko vifuniko vya duara vya chuma, kutu inavitoboa. Na kama tapi ya mbele ndani ya motokari inalowa na vioo vinapata mvuke, ni radiateri ndogo ya kupasha moto.

Kartoni ni kavu na mayi inapunguka? Kuko njia zinazofunguka tu wakati mayi iko na nguvu. Lomba fundi pompu ya mukono ya kupimia. Inafungwa pahali pa bushoni, inasukuma hewa mpaka kipimo kilichoandikwa juu ya bushoni. Sindano ikishuka, njia iko. Muitafute na taa.

Musisahau bushoni yenyewe. Lubumbashi iko karibu metre 1200 juu ya bahari. Kwetu mayi inachemka kwa digri 96 hivi, hapana 100. Bushoni yenye kaucu iliyokufa haishiki nguvu, mayi inachemka upesi na kumwangika. Mutu anafungua motere, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye bushoni.

Sasa, alama za ndani. Washa motere ya baridi, bushoni ikiwa wazi: mapovu yakipanda bila kuisha, gaze inaingia ndani ya mayi. Toa mabiji: moja ikiwa safi sana kupita zingine, mayi inaiosha. Vuta kijiti cha mafuta: mafuta ikiwa kama maziwa, mayi imeingia. Lakini moshi mweupe asubuhi ya mwezi wa sita, wakati wa baridi, hautoshi. Motokari zote zinautoa. Ukiendelea motere ikiisha kupata moto, hapo ni neno.

Hata kama mayi iko ndani ya mafuta, usihukumu kulasi peke yake. Katika motere ya 504 shemizi za pistoni zinaoga ndani ya mayi, na chini kuko juwe zinazozuia mayi isiingie kwenye mafuta. Zikizeeka, mafuta inageuka maziwa na juwe ya kulasi ni nzima. Tena, fundi akitoa kulasi bila kukaza shemizi na bulo, akizungusha motere, shemizi zinapanda, na juwe za chini zinaharibika. Uliingia na ugonjwa mmoja, unatoka na mbili.

Ukiisha kutengeneza, usirudie mayi ya robine peke yake. Bloku ni chuma, kulasi ni aluminium. Mayi mutupu inazikula. Tia likide ya radiateri, hata kama kwetu hakuna barafu: inazuia kutu. Ni sumu, na ni tamu kwa ulimi. Ificheni mbali na batoto na imbwa.

Neno la mwisho ni la feza. Fundi naye ni mufanyakazi. Tukimulipa tu akibadilisha kitu, tunamufundisha kubadilisha. Mupatane naye bei ya kutafuta, peke yake, mbele ya bei ya kufungua. Akitumia asubuhi nzima na pompu na taa, akapata koliye moja iliyolegea, alistahili mushahara wake. Na wewe umechunga motere.