Kutoka Siasa hadi Maadili: shule za Tanzania na kazi ya kulea raia

Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam walivaa majoho yao na kuandamana hadi Ikulu. Walikuwa wakipinga mpango wa serikali uliowataka wahitimu wajiunge na Jeshi la Kujenga Taifa, kisha wafanye kazi kwa muda huku wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Bango mojawapo lilidai kwamba enzi za mkoloni zilikuwa afadhali. Rais Julius Nyerere aliwasikiliza, akapandwa na hasira, akatangaza palepale kwamba anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wanafunzi zaidi ya mia tatu wakarudishwa makwao.

Kwa viongozi wa taifa lililokuwa na uhuru wa miaka mitano tu, kisa kile kiliibua swali zito. Vijana wachache waliosomeshwa kwa jasho la wakulima walikuwa wamefika kileleni mwa elimu bila kuona kwamba wana deni kwa waliowasomesha. Je, shule ilikuwa imewafundisha nini?

Jibu lilikuja haraka. Februari 5, 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, tamko la siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, na mwezi uliofuata Nyerere akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake ilikuwa kwamba elimu ya kikoloni ilimtenga mtoto na jamii yake na kumfanya aione shule kuwa njia ya kukimbilia mshahara wa mjini. Shule mpya ilitakiwa iwe jumuiya inayosoma na kuzalisha. Iwe na shamba, mifugo au karakana, na wanafunzi washiriki kuamua walime nini na mapato yatumikeje. Katika maamuzi hayo ndimo wangejifunza kuishi na wenzao kwa usawa.

Sehemu ya kwanza ya mpango huo ilitekelezwa nchi nzima. Majembe yalinunuliwa, mashamba yakalimwa. Sehemu ya pili, ile ya wanafunzi kushiriki maamuzi, ilisahaulika katika shule nyingi. Mwalimu ndiye aliyepanga na mwanafunzi ndiye aliyelima, na aliyechelewa namba asubuhi aliongezewa matuta. Kazi iliyokusudiwa kumlea raia ikageuka adhabu.

Sambamba na shamba kulikuwa na somo la Siasa. Lilifundishwa kwa Kiswahili hata sekondari, ambako masomo karibu yote mengine yalifundishwa kwa Kiingereza. Wanafunzi walijifunza historia ya chama tawala, TANU na baadaye CCM, misingi ya Ujamaa, na harakati za ukombozi za Msumbiji, Angola na Zimbabwe. Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa mwaka 1961, kiliwanoa makada na viongozi. Chuo Kikuu nacho kilianzisha masomo ya maendeleo ambayo kila mwanafunzi alilazimika kuyachukua, awe wa sheria au wa uhandisi. Somo la Siasa lilisaidia kuwafanya watoto wa makabila zaidi ya 120 wajione Watanzania. Lakini lilikuwa somo la chama kimoja, na swali lililokwenda kinyume na msimamo wa chama halikuwa na nafasi kubwa darasani.

Vyama vingi viliporudishwa rasmi Julai 1, 1992, Siasa haikuweza kubaki ilivyokuwa. Nafasi yake ilichukuliwa na Uraia katika shule za msingi na Civics katika sekondari. Mada zilipanuka kweli: Katiba ya 1977, haki za binadamu, mihimili mitatu ya dola, uchaguzi, usawa wa kijinsia. Tatizo lilikuwa lugha. Mtoto aliyemaliza darasa la saba akijieleza vizuri kwa Kiswahili kuhusu serikali ya kijiji alifika kidato cha kwanza akatakiwa aeleze mambo yaleyale kwa Kiingereza. Wengi walikimbilia kukariri. Mwanafunzi aliweza kuorodhesha sifa tano za utawala bora kwenye karatasi ya mtihani, lakini alipoulizwa mwenyekiti wa mtaa wao ni nani, alibaki kimya.

Awamu ya sasa ilianza na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023. Mitaala mipya ilianza kutumika kwa awamu Januari 2024, na ndani yake limo somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo lugha ya kumfundisha raia imerudi ilikokuwa enzi za Siasa. Faida yake ni kubwa, kwa sababu mjadala wa darasani hushika moto pale wanafunzi wanapoacha kuhangaika na sarufi ya lugha ya kigeni. Maudhui ndiyo yanayohitaji uangalizi. Neno "maadili" linaweza kubeba uadilifu wa mtumishi wa umma na ujasiri wa kukataa rushwa. Likifundishwa kwa wembamba, hubaki utii na salamu kwa wakubwa.

Utafiti wa kimataifa unatoa mwanga kuhusu kinachofanya kazi. Mwaka 1999, shirika la kimataifa la tathmini ya elimu, IEA, lilipima wanafunzi wapatao 90,000 wa umri wa miaka 14 katika nchi 28. Hakuna nchi ya Afrika iliyoshiriki, lakini matokeo yalizungumzia hali inayojulikana kwa kila mwalimu. Wanafunzi waliosema kwamba darasani mwao kuna uhuru wa kutoa maoni na kubishana kwa hoja ndio walioelekea kuwa na ujuzi mkubwa zaidi wa mambo ya kiraia, na ndio waliokuwa na nia zaidi ya kupiga kura watakapokuwa watu wazima.

Uingereza ilijifunza jambo hilo kwa njia yake. Mwaka 1998 kamati iliyoongozwa na Profesa Bernard Crick ilipendekeza elimu ya uraia isimame juu ya nguzo tatu: wajibu wa kijamii na kimaadili, ushiriki katika jamii, na uelewa wa siasa. Mwaka 2002 somo hilo likawa la lazima katika shule za sekondari za umma za England. Shule kadhaa zililipachika kwenye vipindi vya masomo mengine bila walimu walioandaliwa, na huko likafifia. Zile zilizolipatia somo hilo mwalimu wake na kuwaachia wanafunzi kazi halisi za kufanya zilipata matunda zaidi.

Kenya imechukua mkondo mwingine. Katika mtaala wa umilisi, uraia umewekwa kuwa mmoja wa umilisi saba wa msingi ambao masomo yote yanapaswa kuukuza, na wanafunzi hupewa kazi za kuhudumia jamii kama sehemu ya kujifunza. Hata hivyo, somo kubwa la uraia nchini humo katika miaka ya karibuni halikutolewa darasani. Mwezi Juni 2024 vijana waliusoma wenyewe Muswada wa Fedha, wakaufafanua kifungu kwa kifungu mitandaoni, wengine wakautafsiri kwa lugha za nyumbani. Maandamano yaliyofuata yaligharimu maisha ya watu, na Juni 26 Rais William Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Wengi wa vijana hao walikuwa zao la mfumo wa zamani wa 8-4-4. Walichokifanya, yaani kusoma hati ya serikali, kuielewa na kuihoji, ndicho ambacho mtaala wowote wa uraia hudai kwamba unakitafuta.

Kwa shule ya kawaida ya Tanzania, kuwapa wanafunzi uzoefu wa namna hiyo hakuhitaji fedha nyingi. Tangu mpango wa elimu bila ada uanze mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji hupangwa kwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Hesabu hiyo ni somo tosha. Darasa la sita linaweza kuzidisha kwa idadi ya wanafunzi wa shule yao, likauliza fedha inaingia lini na inatumikaje, kisha likalinganisha na taarifa ya mapato na matumizi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mwalimu mkuu akija kujibu maswali yao, watakuwa wameona uwajibikaji kwa macho yao.

Mkutano mkuu wa kijiji ni darasa lingine. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982, wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi ndio wajumbe wake, nao ndio wanaoichagua halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiozidi 25. Wanafunzi hawana kura pale, lakini wanaweza kukaa pembeni wakasikiliza, wakaandika muhtasari wao na kuujadili kesho yake.

Shuleni kwenyewe yapo mabaraza ya wanafunzi, na zipo klabu za wapinga rushwa zinazolelewa na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Baraza linapojadili ratiba ya chakula na kupewa jibu, wanafunzi hujifunza kwamba hoja ina nguvu. Pale ambapo kaka mkuu na dada mkuu huteuliwa ofisini baada ya kura kupigwa, au jina lisilopendwa na walimu hukatwa kimyakimya, hujifunza jambo lingine kabisa kuhusu uchaguzi. Hali ni hiyohiyo kwa fimbo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, lakini adhabu ya viboko ingali halali shuleni, na kanuni zinazotaka iidhinishwe na mkuu wa shule na isizidi viboko vinne hazifuatwi kila mahali. Mwanafunzi anayechapwa kwa kuuliza swali gumu asubuhi hawezi kuaminishwa mchana kwamba raia ana haki ya kuhoji.

Ndiyo maana mzigo mkubwa wa mitaala mipya umeangukia vyuo vya ualimu. Walimu wengi waliomo madarasani leo walisoma Civics kwa kukariri, na wakubwa wao walisoma Siasa. Kuongoza mdahalo ambao mwalimu hajui utaishia wapi, kuvumilia kupingwa na mwanafunzi, kueleza suala la kisiasa bila kuegemea chama: hizo ni stadi zinazohitaji mazoezi na usimamizi, na mafunzo ya siku chache kabla ya muhula kufunguliwa hayatoshi. Walimu nao wanahitaji kuhakikishiwa na wakaguzi na maofisa elimu kwamba darasa lenye mabishano halitahesabiwa kuwa darasa lililomshinda mwalimu.

Watoto walioanza darasa la tatu na mtaala mpya Januari 2024 watamaliza elimu ya msingi mwaka 2027 wakiwa darasa la sita, pamoja na wale wa darasa la saba wa mfumo wa zamani, kisha makundi yote mawili yaingie sekondari kwa pamoja. Madarasa yatajaa, na katika darasa lililofurika mjadala ndio huwa wa kwanza kuachwa. Wengi wa watoto hao watakuwa wamefikisha umri wa kupiga kura ifikapo uchaguzi mkuu wa 2035.