Kishikwambi Bila Mwalimu: Teknolojia na Ufundishaji wa Fasihi Eastlands

Serikali inaponunua vifaa vya shule, je, humwandaa pia mwalimu wa kuvitumia? Makala haya yananuia kueleza msaada uliotolewa ulimfikia nani, na wewe unayefundisha Fasihi Kayole, Dandora au Jericho unaweza kufanya nini.

Tuanze na historia. Mnamo 1998, Wizara ya Elimu ikishirikiana na Japani ilianzisha SMASSE, mradi wa kuwapa mafunzo kazini walimu wa Hisabati na Sayansi wa shule za upili. Mwalimu wa Fizikia alifundishwa kubuni majaribio kwa vifaa rahisi. Mwenzake wa Kiswahili, waliyeketi naye chumba kimoja cha walimu, mradi huo haukumhusu. Kuanzia 2016, serikali ilisambaza vishikwambi, lakini hivyo vililenga wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za msingi za umma.

Mfano unaotufaa zaidi ni Tusome, mpango wa kusoma Kiswahili na Kiingereza ulioanza kote nchini mwaka wa 2015 kwa ufadhili wa Marekani. Mwanafunzi alipewa kitabu, mwalimu akapewa mwongozo wa kila somo. Afisa wa elimu naye alifika darasani na kishikwambi, akatazama somo, akawasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha akamshauri mwalimu. Zingatia kwamba kishikwambi hicho hakikuwa cha mwanafunzi. Kilichochea mazungumzo baina ya walimu wawili kuhusu somo walilolishuhudia pamoja.

Mwalimu wa Fasihi anahitaji mazungumzo kama hayo. Mwanafunzi wa Eastlands huamka kwa Sheng, hupanda matatu kwa Sheng, kisha hutarajiwa kuhakiki riwaya na tamthilia kwa Kiswahili sanifu. Kishikwambi pekee hakiwezi kumvusha pengo hilo.

Tunapoendelea kungoja, anza na rununu yako mwenyewe, maadamu wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Omba idhini ya mzee mmoja wa Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, umrekodi akitamba hadithi. Rekodi pia utingo akiita abiria. Darasani, sikilizeni mara mbili. Mara ya kwanza, wanafunzi wabainishe fomyula ya ufunguzi, takriri na nafasi ya hadhira. Hayo ni ya Fasihi Simulizi, karatasi ya tatu. Mara ya pili, walinganishe msamiati na sentensi za wasemaji hao wawili. Hiyo ni sajili, ambayo ni Isimujamii, karatasi ya pili. Mwishowe, wayaandike maneno ya utingo kwa Kiswahili sanifu na waeleze kilichopotea. Hapo Sheng inakuwa data ya uhakiki badala ya kosa la kuadhibiwa.

Kisha mwalike mwenzako wa shule jirani atazame somo hilo, nawe ulitazame lake.

Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Rununu yako ndiyo jiwe hilo kwa sasa. Hata hivyo, jiwe halikui. Walimu wa Sayansi walipata mafunzo kwa sababu taifa liliamua kwamba masomo yao yana thamani. Nasi, katika vikao vya idara na vyama vyetu, tudai uamuzi kama huo kuhusu Fasihi: mafunzo kwanza, vifaa baadaye.