Kupimwa kwa siri ni haki yako, si hisani

Mwaka nilioposwa mara ya pili, nilimwambia mchumba wangu kwamba kabla ya nikaha sote wawili tukapimwe. Alikubali bila maneno. Asubuhi moja nikaenda kituo cha afya, sitakitaja jina. Benchi lilikuwa limejaa na nusu ya waliokaa nawajua. Mara mhudumu akachomoza kichwa mlangoni na kuuliza kwa sauti ya makanga wa stendi ya feri: "Yule mama wa kupima ukimwi na kaswende yuko wapi?"

Nilisimama, ningefanyaje? Majibu yalikuwa salama, alhamdulillahi. Lakini kabla ya laasiri habari zilikuwa zimeshafika Bofu, na zilifika zikiwa zimetiwa chumvi.

Nimekisema kisa hiki kwa sababu swali ninaloulizwa sana na akina mama wenzangu, na siku hizi hata na vijana, si "dalili zake ni zipi?" Ni "nikapimwe wapi ambapo sitaonekana?" Anayekosa jibu huishia duka la dawa. Hunong'ona kidogo, akapewa tembe za siku tatu, akarudi nyumbani akidhani yamekwisha.

Hayajakwisha. Kisonono kimeshazizoea baadhi ya dawa za zamani, kwa hivyo tembe za kubahatisha huweza kutuliza maumivu na kuacha vijidudu. Kaswende huanza na kidonda kisichouma, nacho hukauka chenyewe hata bila dawa. Mtu hufurahi kuwa amepona, kumbe ugonjwa umeingia ndani, na mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto tumboni. Klamidia mara nyingi haimwoneshi mwanamke dalili yoyote, huku ikiharibu mirija ya uzazi polepole. Miaka ikipita bila mtoto, mawifi huanza kusema ameoa tasa. Wazee walisema mficha uchi hazai, na hapa methali hiyo ni kweli neno kwa neno.

Hata jina lenyewe linatuumiza. Tunayaita maradhi ya zinaa, na neno hilo humhukumu mgonjwa kabla hajapimwa. Mke aliyetulia nyumbani akaletewa ugonjwa na mumewe hajazini. Mtoto aliyezaliwa na kaswende hajazini. Na hata aliyeteleza, dini yetu imetufunza kumsitiri mwenzetu, na Mtume (SAW) alihimiza watu watafute dawa. Hajaagizwa mtu kukaa mlangoni mwa kliniki kuhesabu wanaoingia.

Sasa sheria inasemaje? Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Afya ya 2017 inaamuru habari za mgonjwa ziwe siri. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, zinazohitaji ulinzi zaidi. Kuhusu virusi vya ukimwi kuna sheria maalumu ya 2006, inayotaka upimwe kwa ridhaa yako na majibu yako yawe siri. Sheria hiyo hiyo inakataza kumlazimisha mtu apimwe ndipo apate kazi, nafasi ya shule au ndoa. Wazazi, lisikieni hilo: wachumba kupimwa kwa hiari yao ni jambo jema, lakini kuwalazimisha hamna haki. Pia msichana mdogo aliye mjamzito, mzazi au aliyeolewa, na kijana ambaye mwenendo wake unamweka hatarini, wanaweza kuridhia kipimo hicho wenyewe.

Basi ukienda, fanya hivi. Mapokezini huna lazima ya kutangaza shida yako. Sema, "Nataka kumwona daktari, ni jambo la faragha," yatosha. Ndani, uliza mapema: majibu yataandikwa wapi, nani atayaona, na nitapewa vipi? Ukiwa mnatumia simu moja na mtu nyumbani, usiache nambari hiyo. Sema utarudi mwenyewe. Na taja kipimo unachotaka. Vituo vingi hutibu kwa kutazama dalili, kwa hivyo usiye na dalili unaweza kurudishwa bila kupimwa. Wengi pia hudhani wakipimwa ukimwi wamepimwa yote. Sivyo. Kaswende hupimwa kwa damu, na kisonono na klamidia kwa mkojo au majimaji ya ukeni.

Kipimo cha ukimwi ni bure katika hospitali za serikali, nayo ya kaunti ndogo ya Likoni ni mojawapo. Kama unaogopa macho ya mtaa, vuka feri. Si dhambi kupimwa kisiwani. Kliniki ya Ganjoni, kwa mfano, imehusika na utafiti wa maradhi haya tangu 1993, na shida yako haitakuwa ngeni kwao. Kuna pia kipimo cha kujipima mwenyewe nyumbani, cha mate au tone la damu, ambacho Kenya ilikizindua 2017. Kikionesha una virusi, nenda hospitali kuthibitisha kwanza. Na kumbuka kipimo hicho hakioni kaswende wala kisonono.

Mambo mawili ya wakati. Ukihisi ulijiweka hatarini ndani ya siku tatu zilizopita, usingoje. Kimbilia hospitali ndani ya saa 72, kuna dawa ya kuzuia virusi visikushike, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Na ukipimwa mapema mno, majibu ya ukimwi yanaweza kutoka safi kumbe virusi vimo; rudia baada ya miezi mitatu. Ukipatikana na maradhi mengine, mwenzako naye atibiwe, la sivyo mtarudishiana.

Kwa wahudumu wetu, wengi wao watu wema waliochoka, nina ombi moja. Iteni watu kwa nambari. Halihitaji jengo jipya wala wafadhili. Karatasi iliyokatwa vipande na kalamu ya wino vinatosha.

Mimi yangu yalipita, na nikaha ilifungwa. Lakini asubuhi ile, kwenye benchi lile, alikuwapo msichana wa jirani aliyejifunika mtandio hadi puani. Mhudumu alipopaza sauti juu yangu, yule msichana aliinuka polepole akatoka. Sikuwahi kumwuliza alikuwa amekuja kupima nini. Mpaka leo naomba awe alipata mahali pengine.