Mayai ya Lamu, Kunguru wa Changamwe

Miongoni mwa kuku wanaofugwa katika mwambao wetu, hakuna aliyepewa taadhima kama kuchi, kuku mrefu wa shingo na miguu, mwenye undu mfupi na manyoya yaliyombana mwilini, ambaye watu wa Lamu na visiwa jirani wamesifika kwa kumtunza. Wataalamu waliochunguza nasaba ya kuchi wa Tanzania wamemkuta ana udugu na kuku wa kupigana wa Japani, na hilo halimshangazi mtu anayejua ni mambo mangapi Bahari ya Hindi imetuletea. Zamani alifugwa aghalabu kwa ajili ya kupiganishwa, mchezo ambao sheria ya Kenya inaukataza na ambao mimi siutetei abadan. Lakini damu yake ikichanganyika na ya kuku wa kienyeji hutoa kuku wakubwa wenye nyama nyingi, na kwa sababu hiyo mfugaji wa Changamwe, mwenye ua mdogo nyuma ya nyumba huko Chaani au Magongo, huyatamani mayai yake. Jogoo mzima ni ghali, na kumsafirisha ni taabu. Mayai kumi huja ndani ya kikapu.

Hapo ndipo hasara inapoanzia, nayo huanza kimya kimya. Kikapu hutoka Lamu kwa mashua hadi Mokowe, kikapakiwa kwenye basi, kikapita Witu, Garsen na Malindi, mwendo wa zaidi ya kilomita 300, kisha kikavushwa kisiwani Mombasa na kutoka tena kwa njia ya Makupa hadi bara. Yai la kutotolewa lina uhai ndani yake, na uhai huo una maadui wawili njiani, mtikisiko na joto. Kwenye ncha nene ya yai kuna chumba kidogo cha hewa. Yai likirushwarushwa sana, ngozi inayokizuia chumba hicho hubanduka, na hewa ikaanza kutembea huku na huku mithili ya kipovu ndani ya pimamaji ya mwashi. Ama joto, madhara yake ni ya hila zaidi. Mayai yanayongoja kuatamiwa hutakiwa yakae mahali penye nyuzi 15 hadi 18 za Selsiasi, ilhali Mombasa mchana wa mwezi Machi hufika 32 na zaidi. Kiinitete kikipata joto la namna hiyo huanza kukua kwa kusitasita, hakikui sawasawa wala hakitulii, na mwisho hufa kabla mwenyewe hajajua kwamba kilipata kuishi.

Basi mwenye hadhari huagiza mayai wakati wa Kusi, baina ya Juni na Septemba, si katika jua kali la mwisho wa Kaskazi. Huomba yaliyotagwa siku hizo hizo, yafungwe moja moja kwa karatasi na kulazwa ndani ya pumba za mpunga, ncha nyembamba ikielekea chini, na msafiri ayapakate mapajani, asiyatie katika buti la basi wala juu ya injini. Yafikapo nyumbani, jambo la kwanza ni kuyaacha. Yapumzike usiku kucha na mchana wake, ncha nene ikiwa juu, katika chumba chenye baridi kuliko vyote, wala yasitiwe kwenye friji ya chakula, kwa maana baridi yake imepita kiasi. Nimeona watu wakiyatia kwenye mashine saa ile ile kikapu kilipofunguliwa, kwa furaha, na furaha hiyo huwagharimu.

Kwa mashine, joto liwe karibu na nyuzi 37 na nusu, mayai yageuzwe angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 18, kisha yaachwe hadi ya 21. Vitabu vingi vilivyoandikwa katika nchi za baridi huhimiza maji mengi ndani ya mashine. Changamwe hewa yenyewe imejaa unyevu wa bahari, na yai ambalo halikupata kupunguza maji yake kwa vitundu vya gamba hukinyima kifaranga nafasi ya kuvuta pumzi, kikafa kimekamilika viungo vyote. Mimi hupendelea koo wa kienyeji aliyekwisha kushika kuatamia, kwa kuwa yeye hakatikiwi na umeme. Mayai yake mwenyewe yaondolewe na ya Lamu yawekwe usiku, na yasizidi kumi na mawili.

Siku ya saba yamulikwe. Mtu huingia chumba chenye giza, akaliweka yai juu ya tochi, vidole vikiziba mwanga usitoke pembeni: yai lililo hai huonyesha doa jeusi linalochezacheza, na mishipa myekundu iliyotawanyika kila upande; lililokufa lina pete ya damu tu, imezunguka, haina kitu ndani; na lisilo na mbegu hung'aa tupu. Haya mawili ya mwisho yatolewe yasije yakawa viza na kupasuka chini ya mama. Katika mayai ya safari, anayepata nusu na ashukuru.

Kifaranga akishaanguliwa, adui wa mchana si mwewe tu kama ilivyokuwa kwa babu zetu. Kunguru wa Bara Hindi waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wafagie takataka za mji, na kufika 1947 walikwisha kuonekana Mombasa. Jaa la Kibarani, lililokuwa mlangoni pa Changamwe, liliwalisha miaka mingi, na kufungwa kwake hakukuwahamisha. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza azma ya kuangamiza kunguru milioni moja kwa sumu maalumu. Naona azma hiyo ni ya haki, kwani ndege hawa wamewamaliza hata ndege wadogo wa asili yetu, lakini mfugaji asiingojee. Wao huja kwa shirika: mmoja hutua mbele ya mama akamchokoza hata amkimbize, na hapo wenzake wawili waliokuwa juu ya bati hushuka nyuma yake, kila mmoja akaondoka na kifaranga. Wako wanaowapaka vifaranga dawa ya zambarau ili mwewe wawashuku, na huenda ikasaidia kwa mwewe. Kunguru ni mwerevu mno. Kinga iliyo thabiti ni tenga, au kizimba kilichofunikwa wavu juu, kwa wiki nane za mwanzo, mama akiwa humo humo pamoja nao.

Usiku zamu huwa ya panya, kicheche, nguchiro, paka na nyoka, na mchana, kwa walio karibu na mikoko ya hori ya Port Reitz, yuko kenge pia, ambaye hupenda mayai kuliko vyote. Wavu wa kuku uuzwao madukani humzuia kuku asitoke, wala haumzuii panya asiingie. Matundu yasizidi nusu inchi, na ukingo wake ufukiwe ardhini kiasi cha kiganja na nusu, umepindwa kuelekea nje. Masika yakinyesha huja siafu, ambao wanaweza kumaliza kundi la vifaranga kabla ya alfajiri. Tundu liinuliwe juu ya miguu minne, kila mguu usimame ndani ya kopo lenye oili chafu, nayo mitaani kwetu, penye malori mengi kiasi hiki, haikosekani. Kabla ya yote hayo wachanjwe mdondo, maana hakuna wavu unaouzuia.

Mama aliyelea vifaranga vyake chini ya macho ya kunguru, akapoteza wachache au asipoteze hata mmoja, asichinjwe Idi ifikapo, hata kama utagaji wake ni haba. Mayai ya Lamu yajayo yawekwe chini yake.