Shingo ya Jino na Wajibu Wetu

Wazee wetu walisema kuwa jino la pembe si dawa ya pengo. Usemi huo ungali na maana, ijapokuwa siku hizi meno ya bandia hutengenezwa kwa plastiki na kauri wala si kwa pembe. Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32 ya kudumu, na likishang'oka moja halioti jengine mahali pake. Hata hivyo katika visiwa vyetu si ajabu kumwona mtu wa makamo ametoka nyumbani asubuhi hali ameshika shavu, akarudi mchana ana pengo, na jirani zake wakampa pole kana kwamba lililomfika ni kudra isiyozuilika. Tunaona ipo haja ya kulitazama jambo hili kwa makini, na pahala pa kuanzia ni pale ambapo wengi wetu hatupatazami kamwe, yaani shingo ya jino.

Shingo ni ule mpaka ulio karibu na ufizi, ambapo taji la jino hukoma na mzizi huanza. Taji limefunikwa na enameli, gamba lililo gumu kuliko kitu chochote katika mwili wa binadamu, mfupa ukiwemo. Kiasi cha asilimia 96 ya uzito wake ni madini matupu, na juu ya vilele vya magego unene wake hufika milimita 2 na zaidi. Lakini kila likishuka kuelekea ufizi gamba hilo hupungua, hata likifika shingoni huwa jembamba mfano wa makali ya kisu. Kutoka hapo mzizi umefunikwa na tabaka jengine, sementi ya jino, ambayo ni laini zaidi. Nusu tu ya uzito wake ndiyo madini, na pale shingoni unene wake haufiki sehemu moja ya kumi ya milimita.

Tena tabaka hizo mbili hazikutani kwa namna moja katika kila jino. Vitabu vya tiba ya meno hukadiria kwamba katika meno 6 kati ya 10 sementi hupanda kidogo juu ya enameli. Katika 3 hugusana ncha kwa ncha. Na katika 1 hazifikiani kabisa, ikabaki nafasi ambapo dentini i wazi. Dentini ndiyo kiwiliwili cha jino. Imejaa vijirija vyembamba visivyohesabika, vyenye umajimaji ndani yake, vinavyoelekea katika kiini chenye mishipa ya damu na fahamu. Ndiyo sababu mtu ambaye ufizi wake umeshuka, akinywa maji ya barafu, huruka kwa uchungu ijapokuwa jino lake halina tundu hata moja. Baridi imeusogeza ule umajimaji, na fahamu zimepata habari papo hapo.

Unyonge wa pahala hapo huonekana pia katika asidi. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi, na wataalamu huipima asidi hiyo kwa tarakimu ambazo kadiri zinavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi. Enameli huanza kuyeyuka kipimo kikishuka mpaka 5.5 hivi. Mzizi haungoji kufika huko. Kipimo kikiwa bado juu ya 6 umeshaanza kuyeyuka. Kwa hiyo asidi ambayo taji linaistahimili inatosha kuudhuru mzizi uliofunuka. Na tuelewe kuwa kinachodhuru zaidi si wingi wa sukari kwa siku, bali ni mara ngapi inatiwa kinywani. Mtu anayeonja chai ya sukari kidogo kidogo barazani tangu asubuhi hadi magharibi hayapi mate nafasi ya kurekebisha kilichoharibika.

Ufizi wenye afya huikumbatia shingo ya jino, ukaacha kando yake kijifereji cha kina cha milimita 1 hadi 3. Katika kijifereji hicho ndimo utando wa vijidudu unamojificha. Usipoondolewa, madini ya mate huugeuza kuwa ukoga mgumu kama jiwe, na aghalabu huonekana kwanza nyuma ya meno ya mbele ya chini, kwa kuwa tundu za mate zi karibu na hapo. Ukishakuwa jiwe mswaki hauutoi tena. Ufizi huvimba na kutoka damu, na mwenyewe akiona damu huogopa kupasugua pale, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha linalotakiwa. Miaka hupita. Kijifereji huwa mfuko, mfupa unaoshikilia mzizi hupungua, na jino zima lisilo na kasoro huanza kutikisika. Maradhi haya kwa kawaida hayaumi mpaka yamekwisha kukomaa, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Mzee aliyepoteza magego kwa njia hiyo hana tena hamu ya pweza wala karanga, na watoto wake hudhani ni uzee tu.

Nazo baadhi ya desturi zetu zinaizidisha hatari hii. Kusugua meno kwa mkaa uliosagwa au mchanga huyafanya yang'are kwa muda, lakini huichonga shingo mpaka ikafanya mfuo. Kusugua kwa nguvu kwenda na kurudi mithili ya msumeno hufanya vivyo hivyo hata kwa mswaki wa dukani. Hatusemi mswaki wa mti uachwe. Ukitafunwa ukalainika, na nyuzi zake zikapitishwa taratibu kutoka ufizini kuelekea ncha ya jino, husafisha vizuri, na sisi tulioupokea kama sunna hatuna sababu ya kuuonea haya. Dawa ya meno yenye floridi ndiyo inayoongeza kinga ambayo mti peke yake hauitoi ipasavyo. Ama tambuu ya popoo na tumbaku, hiyo haina utetezi. Mbali na kuudhuru ufizi, husababisha saratani ya kinywa.

Sasa tunawageukia viongozi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na kimiminika cha fedha na floridi kinachopakwa ili kuzuia uozo usiendelee, na aina ya saruji ya kuzibia meno ambayo yenyewe hutoa floridi. Vitu hivi havihitaji mashine kubwa wala umeme. Njia ya kukwangua uozo kwa zana za mkono na kuziba jino bila kutumia keekee haikuzuka Ulaya. Ilianzia hapa hapa Tanzania, Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1980, na sasa inatumika katika nchi nyingi. Itakuwa aibu ikiwa mwananchi wa kijijini Pemba au Unguja ataendelea kuliona koleo kuwa ndilo dawa pekee, hali ufumbuzi ulizaliwa ng'ambo ya pili ya mkondo wa bahari.

Tunashauri kwamba wakunga katika kliniki za wajawazito waagizwe kutazama fizi, kwani mimba huzifanya zivimbe upesi. Vivyo hivyo kwa wagonjwa wa kisukari, ambao fizi zao huharibika haraka kuliko za wengine. Walimu wa skuli wawaeleze wazazi kuwa gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila ya jino lolote kung'oka kulipisha. Wengi hulidhani la utoto na kuliacha lioze. Wanaosimamia viwango vya bidhaa nao wahakikishe kuwa dawa ya meno inayoshushwa bandarini ina floridi ya sehemu 1,000 hadi 1,500 katika milioni, na kwamba bei yake haimshindi mvuvi.

Lipo na jambo moja dogo la ofisini. Kituo cha afya kinapotoa hesabu yake ya mwaka, idadi ya meno yaliyong'olewa isiandikwe peke yake. Kando yake iandikwe idadi ya yaliyozibwa na ya watu walioondolewa ukoga, ili wizara ipate kuona ni vituo gani vina zana za kuokoa jino na ni vipi vina koleo tu.